Maji ya Jumamosi

Watu wa Same wakimzungumzia Dakta Aminieli huanzia Jumatatu ile alipoanguka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, glavu zikiwa bado mikononi. Honorata haanzii hapo. Yeye akikumbuka, mume wake aliondoka Ijumaa moja ya mwaka tisini na moja, alasiri, akiwa mzima wa afya, tena anapiga mluzi.

Siku hiyo alitoka kazini mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Akavua shati jeupe, akavaa suruali ya kaki iliyopauka magotini, akatoka uani na jembe ambalo lilikuwa bado na karatasi ya dukani. Honorata alikuwa anapepeta mchele.

"Unakwenda wapi na jembe, Baba Vene?"

"Mlimani."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nakwenda kulima."

Honorata aliangua kicheko mpaka ungo ukamponyoka. Mwanamume huyu, ambaye hata msumari wa ukutani alikuwa anamwitia fundi! "Utalima nini, Daktari? Utawalima wagonjwa?" Alidhani ni mzaha wa siku moja. Akamfungia makande kwenye bakuli la bati, akamsindikiza mpaka barabara kuu kwenye basi la Makanya. Kutoka Makanya angepanda kwa miguu mpaka Kitala, kijiji cha baba yake, juu ya Suji. Basi lilipoondoka Honorata alimpungia mkono. Mpaka leo linalomuuma ni hilo, kwamba alimpungia mkono na akarudi nyumbani anacheka.

Ilikuwa miaka ya shida inayobadili sura. Foleni za sukari na sabuni zilikuwa zimekwisha, vitu vimejaa madukani, ila sasa mifuko ndiyo mitupu. Kila kitu ruksa. Mwalimu alifuga kuku, karani aliuza maandazi, bwana shamba alipiga picha za pasipoti. Honorata naye alikuwa na meza ya mitumba sokoni. Hospitalini glavu zilichemshwa na kuanikwa kwenye kamba kama soksi, na madaktari walikuwa mmoja na nusu: Aminieli, na kijana Rogers ambaye alikuwa bado anajifunza kutotetemeka. Mtu akigonga mlango wakati wa chakula, Honorata hakuuliza ni nani. Alifunika sahani tu. Siku ya komunyo ya kwanza ya Vene, binti yao wa pekee, kiti cha baba mtu kanisani kilikaliwa na mkoba.

Hayo aliyavumilia. Mgonjwa si mke mwenza. Anakuja akilia, anapona au haponi, anakwenda. Na Honorata alikuwa na tumaini. Mwaka huo ilikuwa imeruhusiwa tena madaktari kufungua zahanati zao wenyewe, na Mbaraka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, alikuja nyumbani kwa miguu yake.

"Daktari, nina vyumba viwili vinatazama barabara. Wewe lete kile kipimo chako cha masikioni, rangi napaka mimi. Shemeji atakaa dirishani kwenye dawa. Mtaonana mpaka mchokane!"

Honorata aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika kaa la kuwashia moto wake. Alikwisha kujiona pale dirishani, amevaa koti jeupe, akisikia sauti ya mumewe nyuma ya pazia. Asubuhi hospitali, jioni zahanati. Sawa, kazi juu ya kazi, lakini jioni hizo zingekuwa zake pia.

Aminieli alikataa.

"Nitatoka kwenye foleni moja nitaingia nyingine," alisema. "Nimechoka, Mama Vene. Nataka siku moja katika wiki ambayo siitwi daktari. Nipande tangawizi. Mwili uchoke, kichwa kipumzike."

"Na mimi nitapata siku gani?"

"Twende wote."

"Mlimani? Kwa shangazi zako wanaoniita mtoto wa kambi?"

Hilo lilikuwa kweli. Baba yake Honorata alitoka Songea kuja kukata mkonge, na Honorata alizaliwa kambini, kwenye vile vyumba vya mstari mmoja. Hakuwa na mlima wala kaburi la babu la kufagia. Siku ya arusi shangazi mmoja alisema, tena kwa sauti, kwamba kijana wao ameokota mlingoti wa mkonge, mrefu na hauna mizizi. Tangu siku hiyo Honorata hakukanyaga Kitala.

Basi akabaki, na mume akaenda. Ijumaa hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Gharama yake aliijua kwa Rogers, aliyepita mezani kwake sokoni kutafuta shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanakuonea huko?"

"Ah, Daktari kanionea vizuri! Mimi nakaa Jumamosi yake, yeye ananikalia Jumapili yangu nzima na usiku wa Alhamisi. Mbili kwa moja. Biashara gani hiyo, mama, hata wewe hapa huifanyi."

Honorata alimuuzia shati bila kumtazama. Kwa ajili ya komunyo ya mtoto, Aminieli hakuomba hata saa moja. Kwa ajili ya tangawizi aliuza Jumapili na akaongeza usiku.

Na angalau angekuwa anarudi amechoka na amechakaa! Alirudi Jumamosi usiku na udongo kwenye kucha, shingo imeungua jua, anaomba chakula mara ya pili. Alilala kama mtoto aliyeoga. Tumbo lake likapungua, mabega yakakaa sawa, na mluzi ule ukawa unamtoka hata bafuni. Mume aliyempeleka kwenye basi alikuwa anazeeka. Huyu aliyekuwa anarudi alikuwa kijana, na ujana huo hakuuchukua nyumbani. Honorata alimtazama akila na akajiuliza ni nani anayemwosha hivyo.

Jibu lililetwa na Chiku. Chiku aliuza ndizi na tangawizi meza ya jirani, na bidhaa yake aliifuata mwenyewe huko juu.

"Mama Vene, shemeji namwona Kitala. Tangawizi yake inanenepa kuliko ya wenyeji."

"Mungu anajalia."

"Mungu na Namsifu."

Honorata alikuwa anakunja blauzi. Akaikunjua.

"Namsifu ndiye nani?"

"Hee! Hujaambiwa? Mjane, jirani yake wa shamba. Wamebadilishana zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia linalojaa usiku. Jumatano ni mama huyo, Jumamosi ni daktari. Kijijini wanasema maji ya hawa wawili sasa ni mamoja." Akashusha sauti, ikasikika mpaka meza ya tatu. "Na zamani, kabla shule haijampeleka mbali, kulikuwa na maneno ya posa katika nyumba ile. Mimi simo."

"Umo mpaka kiunoni, Chiku."

"Nikunyamazie basi?"

"Uza ndizi zako."

Jumamosi hiyo mume alipokuwa anakula, Honorata aliuliza kama mtu anayeulizia bei ya chumvi.

"Namsifu ni nani?"

"Jirani. Tumebadilishana zamu."

"Zamu gani?"

"Ya maji," Aminieli alisema, akapiga miayo, na kabla hajamaliza mchuzi usingizi ulikuwa umemchukua kitini.

Kwa mtu wa mlimani hilo lilikuwa jibu kamili. Lakini kambini kwa kina Honorata maji yalikuwa ya bomba, na bomba lilifunguliwa kwa kengele ya mnyapara; hapakuwa na wa kubadilishana naye. Zamu alizozijua yeye zilikuwa za wodini. Na zamu za wodini alizijua vizuri: anayetoka humngoja anayeingia, wanakaa pamoja, wanapitia kitanda kwa kitanda, wanakunywa chai, wanacheka. Alizijua ndoa zilizoanzia kwenye kukabidhiana zamu, na alizijua zilizofia hapohapo. Kwa hiyo kila Ijumaa, basi likishaondoka, alimwona Namsifu amesimama ukingoni mwa shamba anamkabidhi Aminieli jembe, mpini ukiwa bado na joto la kiganja chake.

Alijaribu njia za wanawake. Alipika pilau siku za Ijumaa, nyama ikiwa inapatikana kwa taabu. Aminieli alikula, akashukuru, akafunga nyingine kwenye bakuli la bati. Alishona gauni jipya kwa kitambaa cha Kenya. Aminieli alisema limempendeza, akatazama saa. Mwisho aliumwa. Alijilaza Ijumaa mchana, kanga mpaka kidevuni. Mumewe akamshika mkono, akahesabu mapigo, akamtazama kwa jicho lile la hospitali.

"Huna homa, Mama Vene."

"Ninayo. Hujasomea kuipima."

Aminieli aliuachia mkono wake. Kisha akalirudisha jembe stoo.

Jumamosi hiyo Honorata aliipata nzima. Hakuna aliyebisha hodi, na Rogers alikuwa zamu. Aminieli alivaa shati safi, akakaa kwenye benchi uani, na tangu chai ya asubuhi mpaka jua linapinduka alikuwa ameugeuzia uso mlima, ambao kutoka pale uani unaonekana wote, na wingu lake. Hakununa. Aliitika kila alipoitwa. Alimenya hata vitunguu. Lakini Honorata aliona wazi kwamba alichokipata ni mwili, kama nguo iliyoachwa kwenye kiti na mwenyewe kaenda kuoga. Jioni alikuwa na wivu kuliko Jumamosi zote alizokaa peke yake.

Ijumaa iliyofuata alilitoa jembe stoo mwenyewe, akaliegemeza mlangoni.

"Nenda."

"Twende wote," Aminieli alisema. "Ukaone mwenyewe."

"Nikaone nini? Nimeshaambiwa."

Aliambiwa hivyo mara nyingi, na mara zote alikuwa na jibu. Siku nyingine soko, siku nyingine kichwa, siku nyingine mvua. Baadaye Aminieli akaacha kumwambia, akawa anasema tu "Haya, Mama Vene," na kwenda.

Alipoanguka ile Jumatatu walisema ni presha. Daktari aliyekuwa anapima presha ya wilaya nzima hakuna aliyempima yeye. Rogers alilia kama mtoto, na Vene akaletwa kutoka shule ya bweni na sista mmoja. Ukoo ulisema atazikwa Kitala, kando ya shamba lake, na Honorata hakuwa na mlima mwingine wa kupendekeza. Akapanda nyuma ya jeneza, njia ile ambayo mumewe aliipanda kwa mluzi, na katikati ya mwinuko aligundua kwamba jicho lake halifuati jeneza. Lilikuwa linamtafuta mwanamke.

Alimpata jikoni kwa wapishi. Mrefu, kitambaa cheupe kichwani, anakoroga sufuria kubwa ya makande, na machozi yanamtiririka bila sauti. Bibi mmoja alipita akamgusa bega, "Pole, Namsifu." Honorata alisikia ile pole ikipita kwake kama kisu. Pole zote zilikuwa zake, na hata moja hakutaka igawanywe. Huyu alikuwa analia kwa haki ya nani? Katika siku zote za matanga alimhesabia machozi, na wanawake waliodhani mfiwa ametazama chini kwa majonzi hawakujua anatazama wapi.

Siku ya kuanua matanga, wageni walipoanza kufunga mizigo, alikuja Mzee Tumainieli. Huyu ndiye aliyekuwa anasimamia ndiva. Mtu mfupi, mkavu, koleo halimtoki mkononi hata msibani.

"Pole, mke wa Aminieli. Nina swali la maji. Lingengoja machozi yakauke, ila ndiva hailii, inajaa kila usiku."

"Shikamoo, baba. Sema."

"Jumatano ni zamu ya nyumba hii, tangu babu yake. Jumamosi ni ya nyumba ya Namsifu. Mumeo na Namsifu walibadilishana mbele yangu. Mtu akifa, kubadilishana kunakufa naye. Sasa mwenye zamu ni wewe, mpaka binti yako akue. Tuache kama walivyokubaliana, au Jumatano irudi kwako?"

"Ikirudi?"

"Namsifu anabaki na Jumamosi yake."

"Si maji ni maji?"

Mzee alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza njia ya kwenda mahali aliposimama. "Namsifu ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama hagusi jembe mpaka la Jumamosi lizame. Maji ya Jumamosi kwake ni ya kutazama yakipita. Kabla ya mumeo kuja, alikuwa anakula kwa ndugu zake."

Jikoni mwiko ulikuwa umesimama.

"Na tukiacha kama yalivyo?"

"Utakuja wewe kila Jumamosi ufungue. Wewe mwenyewe, au mtu wa damu ya nyumba hii. Zamu haichukuliwi na kibarua. Isipofunguliwa inarudi kwa kijiji, na tangawizi hiyo utaiaga."

Honorata aliona shingo ya yule mwanamke imewekwa kiganjani mwake, katika mchana mweupe, kwa adabu zote, na mzee mzima. Hakumeza hata mate.

"Jumatano irudi."

"Umesema," alijibu Mzee Tumainieli, akaondoka na koleo lake.

Asubuhi yake Honorata alikuwa anakunja nguo za msiba, Namsifu akapiga hodi. Hakungoja kukaribishwa, akakaa kizingitini, miguu nje.

"Wifi, sikuja kubembeleza."

"Usiniite wifi."

"Haya, Mama Vene. Nimekuja unisikilize, hata kama hunipi."

"Nitauliza mimi kwanza." Honorata aliweka nguo chini. Miaka yote alikuwa ameliandaa swali hili kwa maneno makali, na sasa lilitoka dogo, karibu la kuomba. "Zile Jumamosi. Alikuwa anazungumza nini?"

"Nani?"

"Usinichezee! Mume wangu. Akiwa na wewe, alikuwa anasema nini?"

Namsifu alimgeukia mzimamzima.

"Mama Vene, mimi Sabato niko kanisani, kule Suji. Nateremka Ijumaa jua halijazama, nalala kwa dada yangu. Nikirudi huku Jumamosi giza limeingia, yeye kashashuka kuwahi basi. Ndiyo maana tukabadilishana. Kama tungeweza kuwa hapa siku moja, tungebadilishana nini?"

"Miaka yote hiyo?"

"Nilimwona siku tuliyokwenda kwa Mzee Tumainieli. Akaniuliza kama miguu inavimba, nikasema inavimba, akasema nipunguze chumvi. Na kwenye msaragambo, kijiji kizima tukizibua ndiva, yeye kwa wanaume, mimi kwa wanawake. Basi. Ila kazi yake nilikuwa naiona Jumapili. Matuta yamepinda kama njia ya mbuzi! Nilikuwa nacheka peke yangu."

"Na posa?"

"Posa gani? Alimposa dada yangu huyo wa Suji, wakamkataa, walisema ana miguu myembamba hatafika popote."

Honorata nusura acheke, akajizuia kwa hasira. "Na machozi yako?"

"Nisikudanganye, mama. Alikuwa mtu mwema, na nilimlilia. Lakini machozi mengi yalikuwa ya Jumatano yangu. Nilijua utaichukua. Ulivyokuwa unanitazama kwenye sufuria, nilijua."

Upepo ulikuwa unapita kwenye migomba. Honorata alikuwa ameishika kanga ya mtoto wake na hakujua kwa nini ameishika. Wivu wake, uliokuwa umekaa mahali pamoja miaka mitatu, ulisimama na kutafuta pa kukaa.

"Sasa hapa alikuwa na nani?"

"Na maji, Mama Vene. Peke yake."

Hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Mwanamke mwenzio unamjua; unampita kwa mchuzi, kwa gauni, kwa kukaa kimya. Lakini mume aliyekuwa anapanda mlima wote ule ili awe peke yake, na akirudi amenawiri, utamnyang'anya kwa nani? Kisha akamsikia, kama vile yuko nyuma ya nyumba ananawa miguu: twende wote. Upweke huo aliokuwa anaununua kwa Jumapili na usiku wa Alhamisi, alikuwa tayari kuukata mara mbili ampe mkewe nusu. Mwingine hakuna aliyepewa. Na nusu hiyo ilikaa hapa, Jumamosi baada ya Jumamosi, haina mtu.

Hakumkumbatia Namsifu, wala hakumwomba radhi.

"Matuta yake ulikuwa unayacheka?"

"Yalipinda."

"Usiyacheke tena."

"Sitayacheka."

"Kamwite mzee."

Mzee Tumainieli alikuja amekunja uso. "Jana hivi, leo hivi. Ndiva si chapati ya kugeuzwageuzwa." Lakini alikubali, na Namsifu akatoa mkungu wa ndizi kama ilivyo desturi, na Honorata naye, ambaye hakuwa na mgomba, alikubaliwa atoe sukari. Shangazi yule wa siku ya arusi alikuwepo. Alisema mtoto wa kambi hataweza baridi ya alfajiri. Honorata aliendelea kupima sukari.

Siku hizi maji ya Jumatano ni ya Namsifu. Wakikutana njiani Honorata anamsalimia, anamjibu anachoulizwa, na anapita. Namsifu alipoomba kuja kupalilia kando ya kaburi, Honorata alimkatalia, na anapalilia mwenyewe. Maji ya Jumamosi anayafungua yeye. Meza yake ya mitumba sokoni haifunguliwi siku hiyo.